Nisomee Kilichomo

Lebo za unga wa lishe wa Evaresta zilikuwa nzuri, usiseme. Sheria inataka kila kilichomo kiandikwe, naye aliandika: mahindi, ulezi, mtama, soya. Mchapaji hapokei kazi ndogo ndogo, kwa hiyo alichapisha za mwaka mzima. Kisha soya ikaadimika sokoni, akaweka karanga. Lebo akabandika zilezile.

Si kwamba alificha. Pale Kijenge kila mteja alimwambia kwa mdomo: "Safari hii kuna karanga, mama." Kwake lebo ilikuwa ya wakaguzi, watu huambiwa. Jirani yake Nashilu alipanga kumwambia kabla ya wote, maana mwana wa Nashilu, Lengai, akionja karanga koo hufura. Siku moja Evaresta mwenyewe alimpokonya mtoto kashata ya karanga mkononi.

Lakini Nashilu alikuwa ameenda ukweni, Olmotonyi, na njiani akanunua pakiti ya unga huo dukani. Duka halina mdomo. Lengai alikunywa uji asubuhi, koo likafura, na hospitali hawakufika.

Evaresta alipanda Olmotonyi kwenda msibani akiwa amekusudia kusema. Njia nzima aliyapanga maneno. Nashilu alipomwona tu, akachomoa pakiti tupu kwenye khanga yake.

"Mama Hope, mimi nilisoma. Hapa wanasema sikusoma. Kiswahili changu si kama chako, labda kuna neno lilinipita. Nisomee wasikie."

Akina mama wakasogea karibu. Mama mkwe wa Nashilu akageuza shingo. Evaresta akaishika pakiti yenye jina lake, na woga ukamshika, woga wa aibu wenyewe: akawaza polisi, akamwaza binti yake Hope, akawaza macho yote yale. Maneno aliyoyapanga yakayeyuka.

"Mahindi," akasoma. "Ulezi. Mtama. Soya."

"Karanga?" akauliza mama mkwe.

"Haijaandikwa, mama."

Bibi kizee huyo akapiga makofi mara moja, akamgeukia mkwewe. "Mmesikia? Unga ni mzima. Umempa karanga kwa mkono wako!"

Nashilu hakubisha. Alianza kutaja taratibu kila alichomlisha mwanawe siku ile, ndizi, maziwa, tena ndizi, akitafuta pale alipokosea. Alipokwama akaushika mkono wa Evaresta.

"Asante, Mama Hope. Walau wewe umenisomea."

Evaresta akauacha mkono wake ushikwe. Alijua hatasema tena, leo wala kesho.