Mfuko wa Malkia

Mimi cherehani, mpwa wangu kitabu: hivyo ndivyo tunavyofanya kazi. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nashona, na atakayetukatiza atanijua. Kitabu cha kwanza cha binti mfalme mchawi tulikimaliza mwaka jana, tukabaki tunameza mate. Juzi cha pili kikafika. Binti mfalme sasa ni malkia, maadui wako mlangoni, na pete yake ya uchawi anaificha kwenye mfuko mdogo ndani ya mkono wa gauni. Nilishona roho ikiwa juu juu.

Leo asubuhi mwalimu mkuu alikuja kujaribu koti lake. Shule nzima humtetemekea. Hata mimi hupunguza sauti. Akalivaa, akasita, akapapasa.

"Fundi, huu mfuko ndani ya mkono ni wa nini?"

Nikaangalia. Loo! Nilikuwa nimemshonea mfuko wa malkia, tena kwa uzi wa dhahabu.

"Nisamehe, mwalimu, naufumua sasa hivi."

"Ole wako uuguse!" Akachomoa kwenye mkoba kitabu kilekile, kurasa zimekunjwa pembe. Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya msichana wa miaka kumi na mitano. "Mmefika wapi? Maana ile pete, kumbe..."

"Nyamaza!" nikafoka. "Sisi tuko sura ya nane!"

Mpwa wangu akajishika kichwa.

Mwalimu mkuu akafumba mdomo. Akavuta kigoda, akakaa, halafu taratibu akanyoosha juu mkono wa koti jipya.

"Naomba ruhusa nibaki nisikilize."