Mkono Uliokataa Kufunguka

Tulikuwa tumefunga mlango wa zahanati ya Kisian tule chakula cha mchana, baiskeli ilipomleta mwanamke tusiyemjua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi kifuani. Aliyeendesha alikuwa shemeji yake, Dishon.

"Daktari, mkono ya huyu imekufa," alisema. "Sasa ni miezi mbili. Mahali tulienda kwanza walipiga picha, mfupa iko sawa. Wanasema anajifanya."

Sikuwa daktari. Nilikuwa ofisa wa kliniki, miezi minne tangu nihitimu, mwaka huo wa 1991. Nilimchoma vidole kwa sindano, hakushtuka. Ganzi ilikomea kwenye kifundo cha mkono, sawasawa na mahali glavu inapoishia. Hakuna jeraha la mishipa ya fahamu linaloacha mpaka wa namna hiyo. Chuoni tulifundishwa kwamba mwili unaweza kuugua kwa uchungu wa moyo, na mgonjwa asiwe anadanganya.

"Na wewe unasema najifanya?" aliuliza yule mwanamke. Jina lake lilikuwa Seline.

"Hapana, mama. Mkono ni mgonjwa. Ulianza lini?"

Alimtazama Dishon kwanza. "Siku ya kuzika bwana yangu. Oduor alizama, ziwa haikumrudisha. Wazee wakaweka yago kwa jeneza. Wakanipa mchanga nirushe. Nikaona nikirusha, nimekubali Oduor ni tunda. Mkono ikakataa kufunguka."

"Mtu wa maji tunamzika hivyo," Dishon alinieleza, bila ukali. "Kama mwili haipatikani, tunazika yago, ile tunda refu. Lakini shemeji hakulia hata kidogo. Ijumaa wazee wanakaa. Wakiona anajifanya, atarudi kwao. Watoto watabaki."

"Utakuja?" Seline aliniuliza. "Useme vile umesema hapa."

Nikaahidi.

Jumatano nikapata barua. Nafasi niliyokuwa nikiiomba tangu chuoni, ya kusomea magonjwa ya akili, ilikuwa na usaili Nairobi, Ijumaa saa nne asubuhi. Siku nyingine haikuwepo.

Rosa, muuguzi wetu mkuu, aliisoma mara mbili. "Enda, mwanangu. Ukisoma utasaidia akina Seline mia."

"Hao mia hawajaniuliza kama nitakuja."

"Utajuta."

"Najua, mama."

Ijumaa, saa ambayo jina langu lilikuwa likiitwa Nairobi, nilisimama uani kwa akina Oduor mbele ya wazee watano. "Hajifanyi," nikasema. "Kilio ambacho hakulia kimekaa mkononi."

Mzee mmoja alicheka. "Daktari, kilio ni ya mdomo."

Wengine nao wakacheka. Ndipo Apiyo, mamake Oduor, akainuka, akaishika ile ngumi kwa mikono yake miwili.

"Mimi nilirusha mchanga," akamwambia Seline, "lakini hata mimi sijazika mtoto wangu. Nilizika yago."

Seline akalia. Alilia kwa sauti iliyowaleta majirani uani, naye Apiyo akilia pamoja naye, na wazee wakavua kofia.

Ngumi haikufunguka siku hiyo. Lakini hakuna aliyemwambia Seline afunge mizigo yake. Dishon aliniletea kiti, akakiweka karibu na wale wanawake wawili, nami nikaketi nao mpaka jioni.