Lori la Mzee Ezéchiel

Ndoa ya Placide na Arlène ilibakiza jambo moja tu, nalo lilikuwa limekaa kwenye kochi lao huko ugenini, mtaa wa Malvern, limenuna. Mzee Ezéchiel, baba wa bibi harusi, alitoka Uvira kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, kisha akatangaza kwamba kanisani atakaa nyuma kama mgeni mwingine yeyote. Binti yake alichukuliwa bila yeye kuulizwa. Basi wampeleke madhabahuni haohao waliomchukua. Arlène alilia, mzee akageukia dirishani.

Placide, mpiga rangi wa magari kwenye gereji moja ya Jules Street, hakuwa na maneno. Alikuwa na mikono. Akaunganisha lori dogo la plastiki, mfano wa lile ambalo mzee aliliendesha nusu ya maisha yake kati ya Uvira na Bukavu. Bomba la rangi la gereji lingelizamisha, kwa hiyo akaenda Fordsburg kwa Bakiri, Mtanzania muuza vifaa, kutafuta eabrashi, bomba dogo kama kalamu. Bakiri akamwekea mbili. Moja ukibonyeza tu, hewa na rangi vinatoka pamoja. Nyingine unabonyeza upate hewa, kisha unavuta kitufe nyuma upate rangi, kidogo au nyingi upendavyo. Placide akachukua hiyo ya pili, wala hakujuta. Akapunguza hewa ya kompresa, akalainisha rangi ikawa nyepesi kama maziwa, akapuliza kwa karibu, tabaka jembamba juu ya jembamba. Bluu ikalala, eish, nyororo kabisa.

Lakini mazoea yana taabu. Mtu aliyezoea kufuta mikwaruzo ya magari ya watu ataachaje gari bila kuling'arisha? Akalipiga vanishi mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, akampelekea mkwewe kwa mikono miwili.

Mzee akaligeuzageuza. "Hili halijawahi kufika Bukavu," akasema, akaliweka mezani.

Placide aliumia, tena aliumia zaidi kwa kuwa ni kweli. Akaleta eabrashi palepale, akachanganya rangi ya udongo mwekundu, akapunguza hewa zaidi, akaanza kuichafua kazi yake mwenyewe. Mzee akasogeza kiti. Akasema vumbi hupanda zaidi nyuma. Akasema mlango wa kushoto uachwe, maana kiwiko chake kilikuwa kikiufuta safari nzima. Mwishowe maneno hayakumtosha, akanyoosha mkono, na Placide akamwekea kidole kwenye kitufe.

Mara ya kwanza mzee alimwaga dimbwi. Wakacheka wote wawili, Placide akapangusa. Mara ya pili vumbi likatua sawasawa juu ya matairi, na mzee hakutaka tena kuirudisha ile kalamu. Arlène aliingia na chai akasimama mlangoni, akaogopa hata kukohoa.

"Mwanangu," mzee akamwambia Placide bila kuinua macho, "hiyo Jumamosi, nikishamshika Arlène mkono, tunaanza kutembea kwaya ikiimba au ikinyamaza?"