Siku Mashine Ilipopona

Kila mkaguzi alipokuja kiwandani, mashine ya kushindilia pamba iliugua. Ndivyo mnyapara alivyozoea kusema: ni mbovu, tunasubiri fundi. Mashine mbovu haiwashwi, na isipowashwa hakuna wa kuuliza kwa nini haina wavu wa kuzuia mikono ya watu. Sheria mpya ilitaka wavu. Ilitaka pia mtoto asisogelee mashine yoyote mpaka atimize miaka kumi na mitano.

Mwanamke aliyeiendesha, ambaye wote walimwita Dada, aliijua sheria hiyo, na aliivunja kila asubuhi alipoingia getini na mdogo wake. Mama yao alikuwa hoi kitandani. Wao wawili wakifukuzwa, jikoni moto hauwaki. Mtoto walimpa jina la Sisimizi, kwa kuwa alipenya chini ya mashine kuzoa pamba iliyodondoka, mahali ambapo mtu mzima angekwama mabega.

Asubuhi hiyo mlinzi wa getini alipiga mluzi wake wa hatari. Watoto waliofanya kazi humo wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Siku zote walikimbilia ghalani, lakini leo ghala lilikuwa na kufuli. Dada aliona nyayo za mdogo wake zikizama ndani ya sanduku la mashine, lililokuwa na pamba nusu. Hakushtuka sana. Si mashine ilikuwa mgonjwa?

Mkaguzi alikuwa mama mnene, viatu vimejaa vumbi, asiye na haraka.

"Na hii?"

"Mbovu hiyo, mama," mnyapara alisema. "Tangu juzi haijaguna."

Mkaguzi aliweka kiganja juu ya mota. "Mbona ya moto? Hata maiti hupoa, baba."

Vibarua wakacheka. Mnyapara akajikuna shingo. "Basi itakuwa imepona. Dada, washa mama aone."

Dada akajiweka mbele ya kitufe. "Bosi, mkanda umelegea."

"Tangu lini? Washa."

"Ngoja niukaze kwanza."

Mnyapara akamsogelea, akashusha sauti. "Unaniaibisha mbele ya mgeni. Endelea hivyohivyo, wewe na huyo Sisimizi wako kesho msionekane hapa."

Mnyapara hakujua Sisimizi alikuwa wapi. Dada angefungua mdomo, na kazi ingekwenda na maji. Alitupa jicho ndani ya sanduku: pamba tu, nyeupe, imetulia. Labda mtoto alishatoka upande wa pili. Aliomba iwe hivyo. Halafu pamba ikapanda kidogo, ikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Kaa kando," mnyapara alisema, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Bamba la chuma likaanza kushuka.

"Zima. Kuna mtoto humo," Dada alisema.

Mnyapara alibabaika, akabonyeza kilekile cha kuwashia. Dada akampiga kikumbo, akazima. Bamba likasimama likiwa limeshagusa pamba. Dada akaingiza mikono yote miwili hadi mabegani, akapapasa, akashika kisigino, akavuta.

Sisimizi alitoka na pamba kwenye nyusi. Hata kabla hajafuta macho, alisema alichofundishwa: "Shikamoo. Nina miaka kumi na mitano."

"Marahaba," mkaguzi aliitikia, lakini alikuwa akimtazama Dada. "Ni kweli?"

Nyuma yake mnyapara alitikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni.

"Ana kumi na mmoja," Dada alisema. "Ni mdogo wangu, nimemleta mimi. Na huyu bosi ndiye aliyempokea, akamwambia aseme hivyo. Wako wengine. Msiwashe kitu mpaka watoke wote."

"Umetumaliza, Dada," mnyapara alisema.

Mkaguzi alikwenda mwenyewe kwenye swichi kuu, akaishusha. Kiwanda kizima kikazimika, na katika ukimya ule wakawasikia watoto wakikohoa vumbi la pamba: chini ya meza, nyuma ya magunia, ndani ya pipa.