Koti la Rais Lililogeuzwa

Mwaka ule uchumi ulipolala chali, hali ilibana mpaka wezi wakaiandikia serikali barua kuomba kustaafu mapema. Mbu nao walihama, maana kumuuma mtu asiye na damu ya kutosha ni kujichosha bure. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na siku kilipofungwa kile cha nguo, fundi mmoja wa cherehani alipata mgeni wa kudumu nyumbani kwake: mkewe mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na miwili mama huyo alikuwa msimamizi wa ukumbi wa kufumia, mitambo arobaini chini ya jicho lake, na wenzake walimwita Kamanda. Sasa alibakiwa na mtambo mmoja tu wa kusimamia, nao ni mumewe.

"Baba watoto, huo mshono umeupiga ukiwa unasinzia?"

"Mama watoto, huu ni wa kujaribia. Utafumuliwa."

"Basi ufumue vizuri."

Alivipanga vifungo vya dukani kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa tabia. Fundi alicheka, lakini asubuhi hakucheka. Saa kumi na moja mkewe aliamka kama kawaida, akavaa viatu vya kazini, akafunga kamba, akakumbuka, akafungua kamba. Miezi kumi na moja, kila siku. Hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Angetoa hata cherehani yake ili mkewe arudi kwenye ile mitambo.

Ikatokea asubuhi moja gari la Ikulu likasimama mlangoni. Rais alikuwa ameapa mbele ya taifa kwamba hatavaa nguo mpya mpaka hali itengemae. Kiapo kizuri, ila koti la maana alikuwa nalo moja, na viwiko vyake viling'aa kiasi kwamba mawaziri walijitazamia humo na kuchana nywele. Saa nane mchana alitakiwa langoni mwa kiwanda cha nguo kutoa hotuba.

Fundi alipofikishwa ofisini kwa Rais alilichukua koti, akalipindua, akachungulia ndani ya mshono.

"Mheshimiwa, nje kumechakaa lakini ndani kitambaa bado kibichi. Nalifumua lote, nalishona upya, ndani kuwe nje. Utatoka kama bwana harusi."

"Kwa saa tano?"

"Mimi niliwahi kumshonea mtu suruali huku anakimbia."

"Anakimbia nini?"

"Aibu, Mheshimiwa."

Rais alicheka mpaka akashika meza, kisha akarudi kwenye simu zake mbili, moja kila sikio. Fundi akaketi chumba cha pembeni, wembe mkononi, akaanza kufumua. Alipofikia kushona, kupitia mlango alimsikia Waziri wa Fedha.

"Hakuna namna, Mheshimiwa. Ile mitambo iuzwe kama chuma chakavu. Hotuba nimekuandikia, ukurasa mmoja tu. Soma, punga mkono, tuondoke."

"Watu walioshinda na njaa miezi kumi na moja, mimi niwapungie mkono?"

"Una wazo jingine?"

Rais akaziinua tena simu zake. Hakuwa nalo.

Sindano ilimwingia Fundi kidoleni na wala hakuisikia. Chuma chakavu! Atarudi nyumbani amwambie nini Kamanda? Akashona kwa hasira na kwa haraka, na humo ndimo alimosahau jambo ambalo kila fundi wa kugeuza makoti analijua: ndani kukiwa nje, kushoto kunakuwa kulia. Mfuko wa kifuani, uliozoea upande wa moyo, unahamia upande wa pili. Fundi mwenye muda huuziba na kukata mwingine. Asiye na muda humwambia mwenye koti. Yeye hakufanya hili wala lile. Alimvisha Rais akiwa bado na simu masikioni, akaikunja ile hotuba iliyokuwa mezani, akaitia mfukoni bila kutazama ni upande gani, na yeye mwenyewe akapakiwa gari la mwisho na sindano zake, mshono usije ukaachia njiani.

Langoni watu walikuwa wengi hata kivuli kilikosa pa kuangukia. Kamanda alisimama mbele kabisa, mikono kiunoni. Rais akapanda juu ya meza.

"Ndugu zangu," alianza, akapeleka mkono kifuani, kushoto. Mkono ukateleza. Akapapasa. Akajipigapiga kama mtu aliyeingiwa na siafu. Akasachi suruali mbele, akasachi nyuma.

Fundi, kule pembeni, akajifunika uso kwa mikono miwili. "Mfuko!" alinong'ona. "Masikini mimi, mfuko!"

"Mheshimiwa," ilipaa sauti kutoka kwenye umati, "umeibiwa?"

"Naanza kuamini hivyo," alijibu Rais. Kisha akainamisha kichwa, akaona kona ya karatasi imechomoza upande wa kulia. Aliitazama sana. "Jamani, mfuko wangu umehama. Jana ulikuwa huku."

Watu waliangua kicheko. Ndicho kilichokuwa cha kwanza baada ya miezi kumi na moja, na kwa kuwa kililimbikizwa kilitoka chote kwa mpigo. Njiwa waliokuwa juu ya paa la kiwanda hawajaonekana hadi leo. Rais akaitoa karatasi, akaisoma kimya, midomo ikicheza. Akaikunja tena.

"Koti hili limegeuzwa leo asubuhi," alisema. "Nilidhani limekwisha. Fundi hakubisha nami, alilifungua akatazama ndani. Sasa karatasi hii inasema kiwanda hiki kimekwisha. Mimi sijaingia ndani. Aliyeiandika hajaingia ndani. Nani kati yenu anajua kuna nini humo?"

Vidole elfu vikamwelekea Kamanda. Hakusubiri kuitwa mara mbili.

"Mitambo arobaini, Mheshimiwa. Sita imekufa, hiyo uza. Thelathini na minne niliipaka mafuta kwa mkono wangu siku mliyotufukuza. Nyuzi zimejaa ghalani mpaka kwenye paa, panya wanazaliana humo kama waliopewa nyumba za serikali."

"Na nguo utamuuzia nani, mama?" Waziri wa Fedha aliingilia. "Watu hawana pesa."

"Hospitali zenu zinalaza wagonjwa kwenye shuka za kuagizwa ng'ambo. Shuka, baba! Kitu cha pembe nne! Hicho nacho kimetushinda?"

"Mishahara je?"

"Mtatulipa shuka zikifika wodini. Tumengoja bure miezi yote hii, tutashindwa kungoja mwezi mmoja tukiwa kazini?"

"Hatushindwi!" umati ukanguruma.

Rais akageuka. "Waziri, ni kweli shuka tunaagiza?"

"Tunaagiza, Mheshimiwa."

"Kuanzia leo hatuagizi. Ufunguo uko wapi?"

Waziri alikuwa nao kwenye mkoba, aliuleta kwa ajili ya mnunuzi wa chuma chakavu. Aliutafuta polepole, kama mtu anayeomba asiupate. Wapo wanaosema lango lilifunguka lenyewe kabla ufunguo haujagusa tundu. Nani ana muda wa kubishana nao?

Ndani vumbi lilikuwa limelala unene wa godoro. Umeme ukawashwa, Kamanda akavua kanga ya mabegani, akaingia kati ya mitambo kama mtu anayesalimia ndugu mmoja mmoja. Hakuuliza nani ni nani. Aliyekuwa karibu alipewa kazi.

"Wewe, shika ncha hii ya uzi. Usivute!"

"Nisivute," Rais alijibu, akashika, nywele zake zikijaa nyuzinyuzi.

Mtambo wa kwanza ukakohoa, ukakataa, ukapigwa teke mahali panapofaa, ukanguruma. Wa pili ukafuata. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu, na wanawake wazima wakakumbatiana huku wanaruka. Kamanda akapiga makofi.

"Haya! Asiye na kazi humu atoke!"

"Hata mimi?" aliuliza Rais.

"Wewe wa kwanza. Una nchi nzima inakungoja huko nje."

Rais akatoka bila kubisha. Fundi alibaki mlangoni, anatabasamu kama aliyepigwa na jua.

"Baba watoto, na wewe je?"

"Nakuangalia tu!"

"Unasemaje?"

"Nasema nakuangalia!"

Mtambo wa tano ukaingia kazini. Kamanda akaonyesha sikio, hasikii kitu, akacheka, akamwonyesha mlango.