Kiganja Kilichopungua Robo Inchi

Niliyoyaota usiku wa kuamkia leo nayaandika kabla sijanawa uso, maana ndoto ni kama uji, ukiiacha ikapoa hailiki.

Kwanza mnijue. Jina langu ni Hoza Kiondo, mtoto wa Muheza, Tanga, na kazi yangu nikiieleza nyumbani watu hucheka. Mimi ni skauti wa timu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la papai. Nazunguka vyuo vyao kutazama makwotabeki. Kwotabeki ndiye mrushaji. Anapokea mpira, anamtafuta mwenzake anayekimbia huko mbali, anamrushia, na yote hayo anayafanya huku majitu manne yanamjia mbio kumlaza chini. Kila mwaka timu za kulipwa zinapokezana kuchagua vijana waliomaliza vyuo. Ukiwaletea mrushaji mbaya, timu inaumia miaka mitano na wewe unarudi kuosha vyombo hotelini, kazi ambayo naijua vizuri.

Safari hii nimeletwa Nebraska, kwenye mji mdogo wenye theluji mpaka Machi, kumtazama kijana mmoja anayeitwa Tobias Renfro. Anarusha mpaka mtu unasahau kuandika. Tatizo lake ni kiganja. Kiganja cha mrushaji hupimwa kikiwa kimekunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na mkuu wangu wa kazi, bwana Haskell, hakubali chini ya inchi tisa. Cha Renfro ni nane na robo tatu.

Fomu yake ilikuwa mezani kwenye chumba changu cha wageni, imejaa yote isipokuwa mstari wa mwisho, ule wa kuandika Anafaa au Hafai. Ilitakiwa itumwe asubuhi. Chuo chake ni kidogo na hakuna skauti mwingine aliyefika huko. Mimi nikiandika hafai, basi, imekwisha, anarudi kwa baba yake kuuza matrekta. Nilijikaza kisabuni, nikashika kalamu, nikaiweka. Nikalala sijaandika kitu.

Ndotoni, fomu ndiyo iliyoniamsha.

"Hoza," inasema, "umeniacha wazi tangu jioni. Mgongo unaniuma."

Nikaiomba radhi, maana kweli ilikuwa imejikunja. Ikaniambia nivae koti, vipimo vimeanza na watu wameshapanga foleni. Nikafungua mlango wa bafu, nikatokea kwenye ukumbi mkubwa uliojaa vijana wa vyuoni wamevaa kaptula.

Bwana Haskell amekaa kwenye kiti kirefu. Kichwa chake ni saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza juu. Nikaona si adabu kulizungumzia.

"Umechelewa sekunde nne na nukta mbili," ananiambia.

Ukutani kuna kanuni za kazi yetu, zile zile nilizofundishwa. Ya kwanza inasema mrushaji awe na macho mgongoni. Kijana wa mbele anageuka, anapandisha fulana, na kweli anayo mawili, yamevaa miwani. Haskell anayasogelea.

"La kushoto lina mtoto wa jicho," anasema. "Hafai."

Kanuni ya pili inasema wenzake wawe tayari kumfuata popote. Kijana wa pili ana watu kumi nyuma yake. Akipiga hatua, wanapiga. Anaomba ruhusa ya kwenda msalani, wote wanakwenda, wanakwama mlangoni. Haskell anaandika: Kiongozi. Mpaka naondoka pale walikuwa bado wamekwama.

Kanuni ya tatu ni kusoma mchezo. Wanaleta kipande cha uwanja kimejaa herufi kwenye nyasi, na kijana wa tatu anapiga magoti, anasoma kwa sauti kama yuko mbele ya mwalimu. Alikuwa anakwenda vizuri tu mpaka akafika mahali penye neno refu lililofunikwa na tope. Akalia. Wakamtoa nje kwa heshima.

Halafu akaja Renfro. Ananyoosha mkono wake bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea kuunyoosha na kurudishiwa.

Utepe wa kupimia ukajikunjua wenyewe kutoka mfukoni mwangu, ukalala juu ya kiganja chake. "Nane na robo tatu," ukasema. "Mimi sina chuki na mtu. Mimi ni utepe."

"Naomba kuuliza," mpira ukasema kutoka kwenye meza. "Mbona mimi siulizwi? Miaka yote mnajadili mikono na anayeshikwa ni mimi. Huyu ndiye peke yake asiyenibana mbavu."

"Mpira hauna kura," Haskell akasema, akajibonyeza kichwani, sekunde zikaanza upya. "Kipimo kithibitishwe na mpimaji wa pili. Nani mpimaji wa pili?"

"Ni mimi," ikajibu sauti ninayoijua.

Nikageuka. Bibi yangu, Bi Mwantumu, amekaa chini katikati ya ukumbi na ukindu wake, anasuka mkeka. Alifariki nikiwa darasa la sita. Nilisikia harufu ya ukindu uliochemshwa rangi, ile iliyokuwa ikijaa nyumba yetu yote siku za mvua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Mlete huyo mtoto."

Bibi hakuwahi kumiliki futi maisha yake yote. Alipima mikeka kwa shibiri, kiganja kilichokunjuliwa kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, na nimeshangaa miaka yote nimefanya kazi hii bila kuona kwamba Wamarekani na mashine zao wanapima kile kile alichopima bibi. Wateja walikuwa wakimlalamikia kwamba shibiri yake ni fupi. Akawaambia mkono ni wake na mkeka ni wake, asiyetaka akalale kwenye majani.

Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Renfro. Vikalingana.

"Nimesuka mikeka ya harusi thelathini kwa mkono wa kiasi hiki," bibi akamwambia Haskell. "Kuna bwana harusi aliyeanguka?"

Haskell akatafuta kwenye makaratasi yake. "Hakuna," akakubali.

"Basi kiganja hakina neno. Mwenye neno ni huyu mjukuu wangu." Alisema huku anaendelea kusuka, haniangalii. "Hoza, wewe na vipimo mna kesi. Kaka yako yuko kwenye foleni."

Nikatazama nyuma ya Renfro. Ukuta wa ukumbi haukuwepo tena. Ni uwanja wa shule yetu Muheza, saa kumi alasiri, mvua imetoka kukatika. Barabarani malori ya machungwa yanapita, na wapakiaji wamekaa juu ya mzigo wanaimba. Na kwenye foleni, nyuma ya kijana wa Nebraska, amesimama kaka yangu Singano, ana miaka kumi na sita, kaptula ya kaki imechanika pale pale ilipochanika, ameshika mkuki wa mwanzi.

Sikuwa tayari. Hakuna anayekuwa tayari.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Singano alikuwa na mkono. Machungwa alikuwa akiyarusha kwa mpakiaji aliye juu ya lori linalotembea, na hakumrushia pale alipo, alimrushia pale atakapofika. Nilichokuja kufundishwa Marekani kwa michoro na mishale, nilikuwa nimeshakiona nyumbani bure. Siku moja wakaja kuchagua warushaji mkuki wa mkoa. Utepe haukuwepo, kwa hiyo Mwalimu Mtangi akaamua umbali upimwe kwa hatua, na mhesabu awe mmoja kwa wote ili kusiwe na maneno. Akanichagua mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na sifa ya kutokosea hesabu.

Kwa wenzake wote nilitembea mwendo wangu. Ilipofika zamu ya kaka yangu, uwanja mzima ukasimama, nami nikavimba kichwa. Nilitaka kila mtu aone kwamba mhesabu ndiye mdogo wake. Nikanyoosha miguu, nikatembea kama afisa elimu anayekagua shule, hatua ndefu, mikono nyuma. Nikafika kwenye mkuki nikatangaza kwa sauti: "Arobaini na tatu!" Kijana wa kabla yake alikuwa na arobaini na tano.

Nilielewa nilichofanya jioni ile, nikiwa nimeshika tonge: hatua zikirefuka, hesabu inapungua. Sikusema. Singano akapakia machungwa miaka thelathini na nane. Mwaka juzi tukamzika, na bado sikuwa nimesema.

"Kaka," nikasema pale uwanjani, "siku ile nilirefusha hatua."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Si nilikuwa nimesimama nakutazama? Nani asingeiona miguu ile? Ulikuwa unatembea kama korongo."

"Mbona hukusema?"

"Ungechapwa. Mwalimu Mtangi alikuwa na ile fimbo ya mpera." Akapangusa tope kwenye mwanzi wake. "Nikaona arobaini na tatu zitanitosha."

"Zilikutosha?"

Akafikiri. Singano hakuwahi kuwa mtu wa kudanganya ili mtu afurahi.

"Hazikutosha, mdogo wangu," akasema. "Siku nyingine nilipokuwa juu ya lori nilikuwa nazihesabu. Lakini nilikuwa na wewe, ukasoma, ukaenda. Basi. Sasa nihesabie tena. Leo tembea kwa miguu yako."

Nikatazama chini. Viatu vyangu havipo. Miguu ni midogo, ya mtoto wa miaka tisa, ina kovu la jembe kwenye dole gumba.

Singano akarudi nyuma, akakimbia, akarusha. Renfro ananiuliza kwa Kibondei safi, lugha ya kwetu Muheza, ameitoa wapi mimi sijui, kama kule nyumbani warushaji wote wako hivi. Namwambia alikuwa mmoja tu. Mkuki unapita juu ya malori, unapita juu ya bibi na mkeka wake, na bwana Haskell anabonyeza kichwa chake, anakibonyeza tena, hakisimami.

Nikaanza kuhesabu. Natembea polepole, mwendo wangu wa kawaida wa kwenda dukani kununua chumvi. Kumi. Ishirini. Sitazami pembeni kuona nani ananitazama. Kwenye thelathini ardhi inaanza kuwa ya baridi. Arobaini na tatu, napita, machozi yananitoka na siyafuti. Arobaini na tano, napita. Baridi inauma nyayo kweli kweli sasa, na nyasi zimekuwa nyeupe, lakini sisimami. Naukuta mkuki umesimama wima.

"Hamsini na moja!" napiga kelele. "Kaka, hamsini na moja!"

Nikageuka. Amebaki Renfro peke yake, kwa mbali, ameshika mpira.

"Amesema amesikia," akaniambia. "Lori lilikuwa linamsubiri."

Nikaamka. Kumeshapambazuka, na ndani ya soksi miguu yangu ilikuwa imelowa. Nikasema ni jasho. Nikasogeza pazia nione kama barabara inapitika.

Usiku kucha theluji ilikuwa imeanguka, na uwanja wa kuegesha magari ulikuwa mweupe wote, hakuna gari lililokanyaga. Kutoka kwenye mlango wangu zilianza alama za nyayo. Nyayo za mtoto, pekupeku, zimefuatana kwenye mstari ulionyooka, hatua fupi fupi. Zilikwenda. Hazikurudi.

Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa ametoka na sepetu kuondoa theluji. Nikafungua mlango, nikamuuliza ni mgeni gani amelala na mtoto.

"Uko peke yako humu tangu Jumatatu, bwana Kiondo," akasema. Akaziona na yeye, akaegemea sepetu. "Maskini, za nani hizo, bila viatu?"

Nikamwomba asiiondoe theluji kwanza. Nikavaa viatu, nikatembea pembeni ya zile alama, nikizihesabu kwa kidole. Kwenye arobaini na tatu nilisimama kidogo nikapumua. Zikaishia kwenye hamsini na moja, na hapo mbele yake, kwenye theluji ambayo haikuguswa, palikuwa na tundu jembamba, lenye upana wa mwanzi, limeingia chini mpaka kwenye lami.

Nimerudi ndani nikaichukua fomu ya Tobias Renfro. Kwenye mstari wa kiganja nimeacha nane na robo tatu, kwa sababu ndivyo kilivyo, na mimi kipimo cha mtu sikichezei tena. Kwenye mstari wa mwisho nimeandika Anafaa. Chini yake, pasipotakiwa kuandikwa kitu, nimeongeza kwamba kama nimekosea, safari hii niadhibiwe mimi.