Sanamu ya Kumi na Tatu

Kolkata, siku za Durga Puja, sikukuu ya mungu mke Durga, mtu hatembei. Hubebwa na umati. Jhinuk Samaddar alikuwa amebebwa tangu asubuhi, nyuma ya mwalimu wake wa chuo cha sanaa, Bwana Nirupam. Kila walipofika banda la mungu mke, mwalimu alisema yale yale: "Hili ni tamasha. Sanaa msiitafute hapa."

Jhinuk hakuwa akitafuta sanaa. Alitafuta alama kwenye daftari la mahudhurio. Ziara mbili alikwisha kuzikosa. Akiandikwa hayupo mara ya tatu, chuo basi, arudi kwao Basirhat akauze sari na shangazi yake.

Asubuhi hiyo, mtaa wa wafinyanzi, aliteleza akaangukia rundo la udongo, ukamkaukia mwili mzima; mwalimu, akiwa mbele, hakuona. Sasa viatu vilimtafuna visigino, akapotezana na wenzake, umati ukamsukuma mbele yao. Banda la nane lilipambwa kwa sanamu za wafinyanzi kumi na wawili, wamechutama, mbavu nje kwa njaa. Akachutama katikati yao apumue kidogo.

"Usitikisike!" Katibu wa kamati ya mtaa, mzee Bhombol, alimwinamia jasho likimtiririka. "Waamuzi wa tuzo ya banda bora ndio hao. Wameshakuona."

"Mjomba, mimi mwanafunzi tu..."

"Wewe udongo, mwanangu! Mtaa wa pili wametushinda miaka sita, banda letu wanaliita zizi la mbuzi. Dakika tano tu, nakuomba!"

Waamuzi watatu wakasimama mbele yake. "Mtazame huyu," mmoja akanong'ona. "Hata uchovu umefinyangwa."

Mara Bwana Nirupam akaingia na wanafunzi wake. Akazipita sanamu zote, akaganda mbele ya Jhinuk. "Hizo nyingine takataka. Lakini aliyemfinyanga huyu ameiona njaa kwa macho yake!" Wanafunzi wakaandika. Kisha, kama desturi yake kila ziara, akaanza kuita majina.

"Jhinuk Samaddar?"

Mwalimu akaita tena.

"Kawaida yake." Kalamu ikashuka kwenye daftari.

Jhinuk akamtazama mzee Bhombol, aliyekutanisha viganja, midomo ikimsihi. Akaitazama kalamu.

"Nipo, Mwalimu!"

Mama mmoja akapiga yowe. Waamuzi wakapiga makofi. "Sanamu inaitika! Na mwalimu hamjui mwanafunzi wake mwenyewe! Bwana, umeigiza mpaka basi."

Mzee Bhombol, mtu asiyeacha nafasi impite, akachomoa shada la maua akamvika Nirupam shingoni. "Wazo lake huyu," akasema. "Lote."

Nirupam akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi: hakuigiza kitu, hakumtambua. Wanafunzi walimkodolea macho, kalamu juu ya karatasi. Akaufunga mdomo, akaandika: yupo.

"Tumefanya mazoezi mwezi mzima," akawaambia waamuzi.

Jhinuk akajaribu kuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaanguka kifudifudi. Wakapiga makofi tena, Nirupam akiongoza.